Debian 13 kwa laptopu ya ex-UK: waifai inawaka, ila mwenyewe hakuulizwa

Laptopu nyingi ninazotengeneza hapa Kondele, Kisumu, ni za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T480, mashine imara ambazo bado zina miaka ya kazi. Mwenye nayo hutaka iwe nyepesi na isiwe na Windows ya wizi. Namwekea Debian, mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na tangu toleo la 13 litoke Agosti 2025 ndilo ninaloweka. Ninalipendekeza bila kusita kwa mtu ambaye intaneti yake ni waifai tu. Lakini kuna haki moja ambayo bado halijampa.

Chipu ya waifai ya Intel katika mashine hizo haiamki mpaka mfumo uipakie fimwea, yaani programu inayoendeshwa na chipu yenyewe, si na prosesa kuu. Intel inaruhusu faili hiyo igawiwe bure, ila msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, haiutoi. Huwezi kuusoma wala kuurekebisha. Debian iliahidi katika mkataba wake wa kijamii wa 1997 kwamba mfumo wake utabaki huru, yaani wa msimbo ambao yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, kwa hiyo kwa miaka mingi faili za namna hiyo ziliachwa nje ya diski rasmi ya usakinishaji. Diski isiyo rasmi yenye fimwea ilikuwepo, lakini mgeni angejuaje? Kisakinishi, programu inayoweka mfumo kwenye mashine, kilimtajia jina refu la faili iliyokosekana, kikamwambia ailete kwa fleshi. Ailete kutoka wapi, na waifai ndiyo hiyo haiwaki?

Fundi ana njia zake: anachomeka simu kwa waya wa USB na kutumia bando, au anatafuta kebo, maana tundu la kebo la mashine hizi halidai fimwea. Mteja akifika nyumbani hana hayo. "Fundi, umeniulia waifai," nililisikia hilo mara nyingi, na wengi wao walirudi kwenye Windows ya wizi. Uhuru uliotetewa kwa namna ile haukuwafikia.

Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kurekebisha mkataba, na toleo la 12, Juni 2023, likawa la kwanza kubeba fimwea ndani ya diski rasmi. Toleo la 13 linaendelea hivyo hivyo. Kwenye EliteBook waifai inashika wakati wa usakinishaji wenyewe. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba vifurushi hivyo havikuchanganywa na vilivyo huru. Vimewekwa katika sehemu yao, non-free-firmware, yaani fimwea isiyo huru, na jina linasema ukweli.

Free Software Foundation, shirika la kutetea programu huru lililoasisiwa na Richard Stallman mwaka 1985, haliiweki Debian katika orodha ya mifumo linayoipendekeza, ingawa Trisquel, mfumo mwingine wa aina hiyo, imo. Msimamo wao nauheshimu: mfumo huru usimgawie mtu programu asiyoweza kuichunguza. Ninapoachana nao ni hapa: fimwea iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani, isiyokusudiwa kubadilishwa, huwa wanaivumilia kama sehemu ya kifaa. Imefungwa vilevile! Tofauti ni kwamba ile ya faili naiona kwenye diski, najua toleo lake, na kasoro ikigunduliwa inapata marekebisho. Udhaifu wa prosesa uitwao Spectre ulipotangazwa mwaka 2018, sehemu ya dawa yake ilikuja kama maikrokodi mpya, yaani fimwea ya prosesa yenyewe. Mwenye laptopu ya mtumba akinyimwa hiyo kwa jina la uhuru, anabaki na prosesa yenye tundu.

Basi lawama yangu ni gani? Kisakinishi hakiulizi. Kinatambua kifaa, kinaweka fimwea, kinasonga mbele. Kuzuia kunawezekana kwa kuandika firmware=never wakati wa kuwasha, lakini hilo analijua aliyesoma mwongozo. Nataka ukurasa mmoja tu wenye maneno mepesi: kifaa hiki kinahitaji programu iliyofungwa, ya kampuni fulani, ukikataa, waifai haitafanya kazi, unakubali? Mama wa soko la Kibuye anayeweka hesabu za duka lake anaweza kujibu swali hilo. Wengi watakubali, nami ningewashauri hivyo. Ila wakubali wakijua, maana mashine ni yao.

Na kampuni zisisingizie kwamba haiwezekani. Qualcomm Atheros ilifungua fimwea ya chipu yake ya waifai, AR9271, mwaka 2013, na Debian inaiweka pamoja na programu huria nyingine. Kidude cha USB chenye chipu hiyo hakina kasi kubwa, kinashika mawimbi ya 2.4GHz pekee, lakini barua pepe na masomo ya mtandaoni kinayabeba vizuri. Asiyetaka faili iliyofungwa hata moja kwa ajili ya waifai atafute hicho, na kabla ya kulipa amwombe muuzaji amhakikishie chipu iliyo ndani, kwa sababu ganda la nje halitamwambia.