Casio A168 na Tissot PRX, zote nazivalaka hapa Bukavu

Watu wananiulizaka kati ya hizi saa mbili za mukono gani njo muzuri, juu niko nazo zote: Casio A168 ya rangi ya chuma, ile ya namba, na Tissot PRX Powermatic 80 yenye yaya wangu (ndugu yangu mukubwa) alinitumia toka Ubelgiji. Moja ni kama dola 30, ingine inapita dola 600, basi tusidanganyane hazilingani.

Kwa macho Tissot imeshinda mbali sana. Mukanda unatokea kwenye saa yenyewe, ni mutindo wa 1978 wenye walirudisha 2021, na kingo zake zinang'aa kuliko fasi ingine, ukigeuza mukono kwenye jua unaona mwanga unatembea toka kioo mupaka kwenye kifungio. Casio ukiishika tu unajua, mwili wake ni plastiki ya kupakwa rangi ya chuma, kwenye kona inaanzaka kutoka, na mukanda unang'oaka nywele za mukono, mambo ya aibu kidogo lakini njo hivyo.

Usiku sasa, umeme ikienda (na hapa kwetu inaenda!), Casio unabonyeza tu kioo chote kinawaka. Tissot iko na rangi ya kuwaka kwenye mishale lakini inategemea mwanga yenye ilikula muchana, kama ulishinda na koti utatafuta sana.

Na kushika majira, Casio kiwanda inasema inaweza kukosa sekunde 30 kwa mwezi muzima, Tissot inakosaka sekunde kadhaa kila siku, maana ni mashine bila pile (betri), hata zile za bei ya nyumba ziko hivyo. Mimi nasamehe kwa sababu inabaki na nguvu masaa 80 hata ukiivua, naivua Ijumaa magaribi, Jumatatu asubuhi bado inatembea.

Shida kubwa ni fundi. Pile ya Casio ni CR2016, inadumu kama miaka 7, unaipata hata kwa wale wa meza ndogo Nyawera. Tissot nilionesha fundi mumoja, akachungulia mashine kwa kile kioo cha nyuma, akanirudishia: "Hii mimi sigusi, kaka." Na iko na haki, ile wanaiseti na laser kiwandani, haina kale ka-kijiti ka kusukuma ili iende mbio ao polepole. Mukanda pia huwezi kutia wa sokoni, hauingii, na kifungio hakina matundu ya kulegeza, joto ikikuja inabana.

Maji, Tissot ni mita 100, naogelea nayo ziwa Kivu. Casio mvua sawa, kuogelea hapana.

Mimi nikienda Kadutu na nikipanda moto (pikipiki) navalaka Casio, ndoa na ofisi Tissot. Lakini za kuiga ni nyingi, ukinunua Casio hii ambia muuzaji abonyeze taa mbele yako, ikiwaka kona moja tu murudishie.