Kozi ya huduma ya kwanza ya Red Cross Kenya: nilienda shingo upande

Ofisi ndiyo ilinituma. Mwenzetu aliungua na maji ya chai, tukafungua sanduku la huduma ya kwanza tukapata bandeji moja na Panadol zilizoekspaya, na kabla hatujajipanga jamaa mmoja ashamkimbilia na dawa ya meno akampaka mkono mzima. Basi nikapewa siku mbili South C, Nairobi, makao makuu ya Red Cross, na mimi nikaenda nikijua nitasinzia.

Kusinzia wapi! Saa tatu asubuhi tuko magotini na madoli ya mazoezi, kiganja juu ya kiganja, viwiko vimenyooka, unabonyeza kifua sentimita 5 hadi 6 mara 30 halafu pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Ukisoma hivi unaona rahisi. Dakika ya pili jasho linadondokea doli, na mwalimu, mama wa makamo mwenye fulana nyekundu, anapita nyuma yangu anasema "ndugu yangu, huyo wako ameshakufa mara tatu." Darasa zima kicheko.

Kuungua ni maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, si yai, si unga, na ile dawa ya meno ndio kabisaa. Damu ya pua inama mbele, usiangalie juu vile shangazi alikufunza. Wa kifafa usimtie kijiko mdomoni.

Stori za shirika lenyewe tulipigiwa wakati wa chai. Kumbe tangu 1939 lilikuwa tu tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza, likawa letu kwa sheria ya bunge Desemba 1965. Wengi tunalijua kwa blanketi za mafuriko ama Kenyans for Kenya ya 2011, vile tulichangia njaa ya Turkana, wengi wetu kwa M-Pesa, hadi jumla ikapita shilingi nusu bilioni. Lakini kilichonishika ni kazi yao kwa kambi za Kakuma na Dadaab, kutafutia wakimbizi jamaa waliopoteana vitani, mtu anapewa simu ya bure aongee na mamake, ama anaandika ile karatasi ya ujumbe, habari za familia tu na haifungwi kwa bahasha, inapelekwa hadi nchi ingine. Blanketi hata mheshimiwa anagawa akitafuta kura, hii ya simu sasa nani mwingine angekufanyia?

Kuna wanaonung'unika ati shirika la msaada liliingiaje biashara ya hoteli, ile Boma, na ambulansi za kulipia za E-Plus. Nilikuwa kwa hiyo timu ya kunung'unika. Siku hizi naona pesa ya wahisani huja maafa yakiwa kwa TV, TV ikihama lori la msaada bado linataka dizeli, basi wacha watafute pesa yao.

Nyota 4. Moja nimeikata kwa sababu ya magoti yangu, na makosa ni yangu, nani huvaa jinzi ya kubana kwa kozi ya kupiga magoti. Yule wa dawa ya meno nimeshamwandikisha ya mwezi ujao.