Karavani kuukuu (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) inavuja: silikoni juu ya mshono, au kung'oa reli (ukanda wa alumini unaofunika mshono) na kuweka butili (utepe laini unaonata wa kuzibia)?

Silikoni inavutia kwa sababu ni kazi ya nusu saa: unafuta mshono, unapaka, unalainisha kwa kidole. Lakini mvua ya Uingereza haiingilii pale doa linapoonekana. Mara nyingi maji hupenya kwenye matundu ya skrubu nyuma ya reli ya alumini, yakateremka ndani ya fremu ya mbao, doa likaja kutokea mbali, chini ya dirisha. Silikoni hufunika juu tu. Ikizeeka hubanduka, na mabaki yake hayashiki kitu kingine vizuri, hata silikoni mpya.

Butili inataka wikiendi nzima. Ung'oe reli, ukwangue gundi ya zamani, utupe skrubu zenye kutu, ulaze utepe, kisha ukaze reli taratibu mpaka butili itokeze pembeni. Hubaki laini, kwa hiyo huvumilia mtikisiko wa barabarani. Tena reli ikiwa nje unaziona mbao zenyewe: bisibisi ikizama, mbao imeoza; kata kipande hicho, weka kipya, na usizibe kabla hazijakauka. Mimi nachagua butili bila kusita. Silikoni naiachia sinki na bafu.