Corvette Z06 ya C7: PTM (kompyuta ya kugawa nguvu ya injini) modi kwa modi, na kwa nini usiruke Sport 1

Karibuni wadau. Leo siongelei mlio wa injini wala rangi, hayo mmeshayasikia sana, leo nataka tukae na kile kinobu cha modi na kale kakitufe ka trakisheni kontroli kwenye Corvette Z06, gari la michezo la Chevrolet, hii ya C7, yaani kizazi cha saba, zile za modeli ya 2015 mpaka 2019. Kwa sababu naona watu wengi wenye hili gari wanajua mambo mawili tu, kuwasha na kuzima, kumbe katikati hapo ndo kazi kubwa ya mainjinia ilipofanyika na ndo hela yako ilipolala.

Tuanze na gari lenyewe kidogo tu ili tuelewane. Hii ni V8 ya lita 6.2 yenye supachaja, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, nguvu farasi 650, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ni kama Nm 881, na yote hiyo inaenda tairi za nyuma, mbili tu. Tairi zenyewe ni pana kwelikweli, nyuma ni milimita 335 kwenye rimu ya inchi 20, mbele milimita 285 kwenye inchi 19, lakini hata na upana huo, tairi zikiwa baridi ukikanyaga mafuta mpaka chini kwenye gia ya pili zinazunguka bure, mkia unaanza kutafuta njia yake. Kwahiyo swali kwenye hili gari sio kama lina nguvu, swali ni nani anaigawa hiyo nguvu, mguu wako au kompyuta, na kwa kiasi gani.

Sasa hapa watu wanachanganya vitu viwili na mi nataka tuvitenganishe kabla hatujaenda mbele. Trakisheni kontroli inaangalia tairi za nyuma, zikianza kuzunguka kuliko mwendo wa gari inapunguza nguvu ya injini, na ikibidi inabana breki ya tairi linaloteleza. Basi. Hiyo haijui sana habari ya gari kugeuka. Stabiliti kontroli, kwenye hili gari inaitwa StabiliTrak, yenyewe inaangalia gari zima linaelekea wapi. Ina sensa ya usukani inayosema dereva anataka kwenda wapi, ina sensa nyingine inayopima gari linazunguka kwa kasi gani kwenye mhimili wake, ina ya kupima msukumo wa pembeni, inalinganisha, ikiona dereva anataka huku gari linaenda kule inabana breki ya tairi moja. Mkia ukichomoka inabana tairi la mbele la upande wa nje wa kona, gari linanyooka. Pua ikikataa kuingia kwenye kona, gari linaenda moja kwa moja, inabana tairi la nyuma la upande wa ndani, pua inavutwa kuingia. Tairi moja moja, hiyo kitu mguu wako hauwezi hata ufanyeje, we una pedeli moja ya breki tu, yeye ana nne.

Na hii teknolojia sio ya jana, Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza kwenye S-Class mwaka 1995, injinia aliyeongoza kazi pale Bosch anaitwa Anton van Zanten, na Marekani kuanzia modeli za 2012 gari dogo haliruhusiwi kuuzwa jipya bila stabiliti kontroli. Shikeni hilo la Marekani, nitalirudia.

Haya tuje kwenye kinobu. Ukizungusha unapata Weather, Eco, Tour, Sport na Track. Weather ni ya mvua na baridi, pedeli ya mafuta inakuwa pole, trakisheni kontroli inakuwa kali, na kwa gari la nguvu farasi 650 naipenda hii modi kuliko watu wengi wanavyoipenda, naona kuna wamiliki hawajawahi kuigusa kabisa wakati ndo inayowafaa kila lami ikiloa. Eco na Tour sina la kuongeza. Sport inachangamsha usukani na shokapu, zile za sumaku, Magnetic Ride, lakini bado unalindwa kama kawaida. Watu wakiweka Sport wanadhani wameruhusiwa kuserereka, hapana, bado.

Mambo yenyewe yako Track, modi ya traki, yaani uwanja wa mbio za magari. Ukiwa Track, bonyeza kitufe cha TC, kile cha trakisheni kontroli, mara mbili harakaharaka, kwenye dashibodi inatokea PTM, Performance Traction Management, hiyo ilianza kwenye Corvette ZR1 ya 2010 na huku kwenye C7 wameikomaza zaidi. Sasa ukizungusha kile kinobu unachagua modi tano, Wet, Dry, Sport 1, Sport 2 na Race. Na hapa ndo naomba mtulie mnisikilize.

Wet ni ya lami iliyoloa, sio ya maji yaliyotuama, hakuna kompyuta inayoweza kuliokoa tairi linaloelea juu ya maji. Dry ni ya lami kavu, dereva yeyote anaiweza. Sport 1 inakupa nguvu zaidi ya Dry wakati wa kutoka kwenye kona, inaacha mkia ucheze kidogo, ila StabiliTrak bado ipo nyuma yako. Alafu unapiga kinobu mara moja tu, Sport 2, na hapo StabiliTrak IMEZIMWA. Imezimwa wadau. Trakisheni kontroli bado inafanya kazi, inagawa nguvu vizuri tu, lakini ukiingia kona na mwendo mkubwa kuliko tairi zinavyoweza, au ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia ukachomoka, hakuna mtu wa kubana lile tairi la mbele. Race ni hivyohivyo, StabiliTrak haipo, tofauti ni kwamba nguvu inagawiwa kwa ajili ya kutafuta mwendo wa juu kabisa wa kona.

Angalieni majina sasa. Sport 1, Sport 2. Mtu anasoma anaona ni ndugu wawili wamefuatana, namba moja na namba mbili, kumbe hapo katikati ndo mpaka mkubwa kuliko yote kwenye gari hili. Kutoka Wet kwenda Dry ni hatua ndogo, Dry kwenda Sport 1 ni hatua ndogo, Sport 2 kwenda Race hatua ndogo pia, ila Sport 1 kwenda Sport 2 ni kama kutoka kuogelea kwenye bwawa lenye mwokoaji ukaenda kuogelea baharini peke yako. Mi ningekuwa nachora ile skrini ningeiweka Sport 2 kwa rangi nyingine kabisa. Hili ni jambo la usanifu na naona halikuwekwa wazi kiasi kinachostahili, kitabu cha gari kinaeleza, lakini nani anasoma kitabu akiwa kwenye foleni ya kuingia traki na helmeti kichwani.

Sasa inatumikaje, maana hii PTM ina utaratibu wake ambao unapingana na kila ulichofundishwa. Kwa kawaida ukitoka kwenye kona na gari lenye nguvu unakanyaga mafuta taratibu, unaongeza kidogokidogo kadiri unavyonyoosha usukani. PTM inataka ukishapita katikati ya kona, ukaanza kunyoosha usukani, ukanyage mpaka chini. Kabisa. Alafu uiache. Kompyuta inajua gari limelalia kona kiasi gani, inajua modi uliyochagua, inatoa ile torki inayoweza kupokelewa na tairi kwa wakati ule, na kadiri usukani unavyonyooka inazidi kuifungulia. Utasikia injini kama inakohoa kidogo, mlio unakuwa mzito, hiyo ndo inafanya kazi. Ukikanyaga nusunusu unakuwa we ndo unagawa nguvu, hapo hujaijaribu PTM, umejaribu mguu wako, na ndo maana kuna watu wanasema haina tofauti. Ina tofauti, ila hawajaikanyagia.

Lakini sikilizeni vizuri, kukanyaga mpaka chini ni kwa ajili ya KUTOKA kwenye kona. Kuingia kona ni juu yako. Hakuna modi hapo inayokurudishia mita za breki ulizochelewa kukanyaga. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ile raha ya kukanyaga mafuta na gari likatoka limenyooka inamfanya mtu aamini gari linaweza kila kitu, anaongeza mwendo wa kuingia, anaongeza, anaongeza, na fizikia haijabadilika hata kidogo, tairi lina uwezo wake mmoja tu wa kushika lami na uwezo huo unagawana kati ya breki, kona na mafuta.

Kitu kingine kizuri mno ni difu. Z06 ina difu ya kielektroniki, inaweza kufungua na kufunga kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na yenyewe inabadilisha tabia kufuatana na ulichochagua, kwahiyo ukibadilisha modi sio trakisheni kontroli peke yake iliyobadilika, namna gari linavyoingia kona nayo inabadilika. Ndo maana dereva akiruka kutoka Tour moja kwa moja mpaka Race anajikuta kama yuko kwenye gari jingine, alichozoea kimeondoka vyote kwa pamoja na hajui ni kipi kimesababisha nini.

Kwahiyo ushauri wangu, na huu sio wa uoga, ni wa mtu anayetaka muwe na kasi zaidi. Anza Dry. Endesha mpaka uone taa ya trakisheni kontroli inawaka mahali palepale kila mzunguko, alafu jiulize kwa nini hapo. Je umekanyaga mafuta usukani bado umepinda sana? Umeingia kona kwa njia mbovu? Ile taa ni mwalimu, inakuonyesha hasa wapi uliiomba tairi kitu isichokuwa nacho. Rekebisha mpaka taa iwake kidogo, ndo uende Sport 1. Na kama gari lako lina ile Performance Data Recorder, mtambo wa kurekodi waliotengeneza na kampuni ya Cosworth, una kamera pale juu ya kioo cha mbele, utumie, linganisha mzunguko wa Dry na wa Sport 1, angalia pedeli ya mafuta na mwendo kwenye kona ileile. Namba zitakwambia kama Sport 1 imekuongezea kasi au imekuongezea kelele tu. Kwa madereva wengi, na hapa nasema nilivyoona mimi, Sport 1 ndo bora kuliko zote kwenye hili gari. Ina uhuru wa kutosha kujifunza na bado kuna anayekuangalia. Ningekaa hapo muda mrefu sana kabla ya kugusa Sport 2.

Kuzima kila kitu kabisa, ile ya kushikilia kitufe kama sekunde tano, mi sioni inamsaidia nani kwenye traki kutafuta muda. Kwenye uwanja mpana usio na ukuta, ukitaka kujifunza kurudisha mkia, sawa kabisa, nenda ukajifunze na mkufunzi. Barabarani hapana, PTM nayo ni ya traki, barabarani hapana. Kuna watoto na mabodaboda huko.

Kuna mtu atalalamika kila akizima gari na kuwasha tena vitu vinarudi mwanzo. Ndo nikasema mshike lile la Marekani, sheria yao ya usalama inataka stabiliti kontroli irudi kuwaka kila unapowasha gari upya. Sio kwamba wamesahau. Mi naiona ni sheria nzuri, maana gari linaazimwa, linapelekwa kuoshwa, anaingia mtu mwingine, hapaswi kukuta mpangilio ulioachwa na wewe wa traki.

La mwisho ambalo ni la muhimu kwa wanaonunua hizi zilizotumika. Kabla hujasema trakisheni kontroli ni mbovu, angalia tairi. Zote nne ziwe za aina moja, saizi ileile ya kiwandani, na zisiwe mbele mpya nyuma zimekwisha, maana mfumo unahesabu mzunguko wa kila tairi, ukichanganya saizi unauletea hesabu za uongo, utaingilia kati pasipo sababu au utachelewa panapohitajika. Alafu angalia tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa zile herufi za DOT, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Gari la namna hii linaweza kuwa na kilomita chache na tairi zina kina kizuri kabisa, lakini mpira umekauka umekuwa mgumu, na ukiweka Dry hapo utaona taa inawaka kila kona ukadhani umeuziwa gari bovu. Weka tairi mpya kwanza, zipashe moto mizunguko miwili mitatu ya taratibu, ndo uanze kuzungusha kile kinobu.