Siku Moja Savoca na Forza d'Agrò: Ziara ya Vijiji vya The Godfather

Mjomba wangu aliitazama filamu ya The Godfather kwa mara ya kwanza kwenye mkanda wa video, nyumbani kwa jirani yake mjini Tanga, katika miaka ya 1980, na tangu hapo anawazungumzia wahusika wake kama watu wa ukoo wetu waliohamia mbali. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Bologna, ninakofanya kazi, nilimkatia tiketi ya ndege hadi Catania na kulipia ziara ya siku nzima katika vijiji viwili vya mlimani ambamo sehemu ya filamu hiyo ilipigwa, yaani Savoca na Forza d'Agrò, vyote viwili katika mkoa wa Messina, mashariki mwa kisiwa cha Sisilia. Tulilipa euro 85 kwa kila mtu, na bei hiyo ilijumuisha basi dogo kutoka Taormina, mtembeza wageni anayezungumza Kiingereza, na chakula cha mchana. Tulikwenda mwezi wa Mei, kabla joto halijakolea.

Nianze na uamuzi wangu: ziara hii ina mtembeza wageni aliye bora kuliko ratiba aliyopewa. Kila saa tuliyokuwa mikononi mwake ilistahili fedha tuliyotoa, na kila saa iliyopotea ilipotezwa na wale walioipanga siku. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimekwisha kuwaandikia wenyewe, na pia kwa sababu kampuni zinazouza ziara ya namna hii kutoka Taormina, Catania na bandari ya Messina ni nyingi, na nadhani yatakayofuata yatamsaidia msomaji kuipima yoyote kati yake.

Mtembeza wageni wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa pwani ile ile, na aliianza kazi yake vizuri tangu basi lilipoacha barabara kuu na kuanza kupanda. Aliuliza ni nani kati yetu aliyeamini kwamba tunakwenda Corleone, mji ambao familia ya kwenye filamu imepata jina lake. Mikono minne ilinyooka, wa mjomba ukiwa mmojawapo. Akaeleza kwamba Corleone ni mji wa kweli, lakini uko upande mwingine wa kisiwa, bara kabisa, katika mkoa wa Palermo, na kwamba mwaka 1971, mwongozaji wa filamu, Francis Ford Coppola, alipokuja kupiga picha, mji huo ulikuwa umekwisha kujengwa kisasa kiasi cha kutoweza kuonekana kama mji wa miaka ya 1940. Ndipo akaja huku, akavipata vijiji ambavyo havikuwa vimebadilika.

Wengi wangeishia hapo. Yeye aliendelea na swali ambalo kwangu ndilo lililoibeba siku nzima: kwa nini havikuwa vimebadilika? Kwa karne nyingi watu wa pwani hii walikaa juu, kwa sababu bahari ilileta maharamia na mabonde yalileta malaria. Mashua na nyavu ziliachwa chini ufukweni, watu wakalala mlimani. Reli ya kutoka Messina kwenda Catania ilipopita ukingoni mwa bahari katika miaka ya 1860, maisha yakaanza kuteremka. Santa Teresa di Riva, ambao hapo zamani ulikuwa ufukwe wa Savoca tu, leo ni mji unaoizidi Savoca kwa mbali. Waliobaki bila ardhi ya kutosha walipanda meli kwenda Marekani. Nyumba za juu zilibaki kama zilivyo kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye fedha ya kuzibomoa na kuzijenga upya. Kwa maneno mengine, filamu inayohusu familia ya wahamiaji ilipigwa katika vijiji vilivyohifadhiwa na kuhama kwa watu wake. Nilimtafsiria mjomba maelezo yale, naye akanyamaza kwa kona tatu au nne. Kisha akasema barabara ile inamkumbusha kupanda Lushoto kutoka Mombo, na kwa kweli inafanana: jabali upande mmoja, korongo upande wa pili, na dereva anayepiga honi kabla ya kila kona.

Savoca iko kwenye mgongo wa kilima chenye urefu wa mita 300 hivi, na kituo cha kwanza ni Bar Vitelli, mkahawa ulio chini ya jumba la karne ya 18 liitwalo Palazzo Trimarchi. Hapa ndipo Michael Corleone, aliyeigizwa na Al Pacino, anapoketi mezani na kumwomba mwenye mkahawa ruhusa ya kumchumbia binti yake Apollonia. Mbele yake, ng'ambo ya uwanja, kuna sanamu ya bapa la chuma linalong'aa kama kioo, iliyokatwa kwa umbo la Coppola akiwa nyuma ya kamera, na anga pamoja na bahari huonekana ndani yake. Meza ziko nje, chini ya mimea itambaayo. Tuliagiza granita ya limau, ambayo ni barafu iliyosagwa laini pamoja na maji ya limau na sukari, huletwa katika glasi na huliwa kwa kijiko kidogo. Ina ukali safi wa limau lililochumwa karibuni, na wala haifanani na barafu zenye rangi zinazouzwa kwenye fukwe za watalii. Mjomba alichagua kiti kinachotazama mlango, akavua kofia, akaketi wima kama mtu aliyekuja kuposa. Hakutaka kupigwa picha kwanza. Alitaka kukaa.

Kwa nusu saa hayo yote ni raha kubwa. Ratiba, hata hivyo, ilitupa saa moja na dakika kumi mahali pale, na uwanja wenyewe ni mdogo, na mabasi mengine mawili yalikuwa yamefika nyuma yetu. Mtembeza wageni alituokoa kwa kutuchukua mapema kidogo kwenda kanisa la San Nicolò, liitwalo pia la Santa Lucia, ambako ndoa ya Michael na Apollonia ilipigwa. Njia ni fupi na ina mwinuko wa kadiri. Pale alitoa kishikwambi chake, akakiinua usawa wa macho na kuonyesha picha kutoka kwenye filamu, kisha akarudi nyuma hatua moja, akasogea kushoto kidogo, mpaka pembe ya kanisa iliyo kwenye kioo ikakutana na pembe ya kanisa lenyewe. Alimfanyia kila mgeni hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Nimeshiriki ziara nyingi ambamo mtu huambiwa tu kwamba “ni hapa”. Sikuwahi kuonyeshwa ni wapi hasa kamera ilisimama.

Savoca ina pia makaburi ya chini ya nyumba ya watawa wa Kikapuchini, mashuhuri kwa miili iliyokaushwa ya mabwana wa mji wa zamani, lakini ziara yetu haikuyajumuisha. Chakula cha mchana nakipitia haraka: tambi zenye biringanya, nyanya na jibini ya chumvi, saladi, tunda. Kilikuwa kizuri. Mjomba hali nyama ya nguruwe, nami nilikuwa nimeandika hivyo wakati wa kulipia. Mpishi alikuwa na taarifa, na mhudumu alikuja kutuhakikishia kabla hatujauliza. Kwa hilo naishukuru kampuni.

Kisha tukapanda Forza d'Agrò, kijiji kilicho juu zaidi, mita 400 na ushei, na hapo ndipo hasa ninapotaka msomaji anisikilize. Kanisa lake kuu, la Maria Santissima Annunziata e Assunta, linaonekana katika mfululizo wa filamu tatu za The Godfather, na mbele yake ndipo katika sehemu ya pili, ya mwaka 1974, mtoto Vito, ambaye baadaye atakuwa baba yake Michael, anapotoroshwa akiwa amefichwa juu ya punda. Lakini kijiji chenyewe kinapita filamu. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa ubavu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa, na kutoka ukingoni unaiona bahari ya Ionia yote hadi milima ya Calabria ng'ambo, na upande wa kusini volkano ya Etna yenyewe, ikitoa moshi.

Kwenye ngazi zinazopanda kutoka uwanja wa kanisa mjomba alisimama, akaegemea ukuta, akajifuta jasho kwa leso. Pembeni palikuwa na mlango wazi, na kizingitini bibi kizee akimenya maharage mabichi ndani ya bakuli la bati. Akamtazama mjomba, akatikisa kichwa, na kwa sauti ya huruma akasema neno moja: “Mischinu!” Hutamkwa miskinu. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao.

“Umemsikia?” mjomba akaniuliza. “Ameniita maskini.”

“Hapana, mjomba. Huyu anasema Kisisilia.”

“Najua alichosema, mwanangu,” akajibu, akaketi, akamshukuru bibi yule kwa Kiswahili kwa mkono kifuani.

Nilimweleza mtembeza wageni, naye akafurahi kama mtu aliyepata barua. Alisema neno lile kweli ni moja na letu, lilitokana na Kiarabu, kwa kuwa Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walianza kuiteka Sisilia mwaka 827 na ngome ya mwisho haikuangukia mikononi mwa Wanormani mpaka mwaka 1091, na katika muda huo Kiarabu kiliingia shambani, jikoni na sokoni. Akaunyooshea kidole mlima: jina la zamani la Etna ni Mongibello, nusu ya kwanza ni “mlima” kwa Kilatini, nusu ya pili ni “mlima” kwa Kiarabu. “Jabali,” mjomba akasema kabla sijamaliza kutafsiri. Mama yule alituambia amewasimulia wageni habari za maneno hayo kwa miaka mingi, na hakuwahi kupata mgeni aliyeyatambua mwenyewe kwa sikio. Akaandika “maskini” na “jabali” kwenye daftari lake, akiniomba nimsomee herufi moja moja.

Tulikuwa bado tumesimama kwa bibi yule dereva alipopiga simu kusema muda umekwisha. Dakika 40. Hatukufika kwenye tao la mawe la kale linaloitwa Arco Durazzesco wala kanisa la Santissima Trinità lililo nyuma yake, na hatukufika kwenye magofu ya ngome ya Kinormani iliyo kileleni, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa makaburi ya kijiji. Niliviona kwa mbali, nikajua nimelipia siku nzima na sikuvifikia.

Uchungu wangu ulizidi nilipogundua kule muda ulikokwenda. Tukiwa njiani kurudi, basi lilisimama kwenye duka kubwa la zawadi kando ya barabara ya pwani, kituo ambacho hakikuandikwa popote katika ratiba tuliyopewa, tukakaa dakika 35. Fulana zenye uso wa Marlon Brando, aliyemwigiza Vito mzee, chupa za kileo cha limau, sumaku za jokofu. Mtembeza wageni hakushuka. Aliniambia kwa upole kwamba kituo kile si uamuzi wake, na nilimwona ana aibu kwa niaba ya wengine.

Kuna mengine mawili ambayo kampuni inapaswa kuyarekebisha. Tangazo lao lina picha ya Castello degli Schiavi, jumba lililoko Fiumefreddo ambalo katika filamu ndiyo nyumba anamoishi Michael na mahali Apollonia anapouawa kwa gari kulipuka. Jumba hilo ni mali ya watu binafsi, liko tambarare karibu na bahari, na ziara haifiki huko. Basi picha yake isiwekwe. Mjomba, ambaye jina hilo, Ngome ya Watumwa, lilimgusa kwa namna yake kama mtu wa pwani yetu, aliliulizia tangu asubuhi, na ilinibidi nimwambie hatuendi. La pili, tangazo linasema matembezi ni “mepesi”. Savoca naweza kukubali. Forza d'Agrò ni ngazi, na ngazi zenyewe ni mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi, bila ukingo wa kushikilia. Mzee wa miaka 71 mwenye goti bovu ana haki ya kuambiwa kabla hajalipa, ili avae viatu vyenye soli ya kushika na abebe mkongojo wake bila kuona haya.

Kwa anayetaka kwenda, napendekeza aende, lakini aulize mambo matatu kwa maandishi: muda kamili katika kila kijiji, vituo vyote ikiwa ni pamoja na maduka, na kama makanisa yatakuwa wazi, kwa maana mengi hufungwa mchana. Afunike mabega kwa ajili ya kuingia kanisani. Achague ziara inayoanza Forza d'Agrò asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu na kivuli kikiwa bado vichochoroni, na kuishia Savoca kwenye granita.

Niliwaandikia kampuni siku iliyofuata, nikampongeza mtembeza wageni wao kwa kirefu, na nikaomba zile dakika 35 za dukani zihamishiwe Forza d'Agrò. Walijibu wakaomba radhi kuhusu picha ya ngome na wakasema wataiondoa. Kuhusu duka hawakusema kitu. Mjomba anataka turudi mwezi wa Oktoba, kwa gari la kukodi, na amekwisha kuniagiza tumpelekee bibi yule wa kwenye kizingiti kilo moja ya karafuu.