Oiwa wa Hokusai na mjamzito wa Yoshitoshi: picha mbili za ukatili

Katika picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, mateso ya mwanamke hayasomeki kwa namna moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mchoraji wa Kijapani Hokusai alimchora Oiwa, mke aliyelishwa sumu akafa na kugeuka mzimu katika tamthilia ya kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani) ya mwaka 1825. Hamna kisu wala damu. Kuna taa ya karatasi tu, iliyochanika, na mpasuko wake ndio mdomo wa mzimu. Mumewe, Iemon, ambaye mzimu humtokea katika tamthilia, hayumo pichani. Anayetokewa ni wewe unayetazama. Aliyedhulumiwa ndiye sasa anatisha.

Yoshitoshi, mchoraji mwingine wa Kijapani, mwaka 1885, hampi mwanamke nafasi hiyo. Mjamzito ananing'inia kichwa chini, amefungwa kamba, kifua wazi, na chini yake bikizee ananoa kisu. Wapo wanaosema hii ni starehe ya macho ya wanaume, na kwa jinsi mwili ule ulivyochorwa kwa uzuri, siwezi kuwabishia sana. Ila muuaji naye ni mwanamke. Kisa chenyewe kinasema bikizee anatafuta katika tumbo hilo dawa ya mtoto wa bwana zake, na atakayemchinja ni binti yake mwenyewe, asiyemtambua. Utumishi umemla mama na mwana.

Tena Yoshitoshi, ambaye miaka ya 1866 na 1867 alimwaga damu bila kujizuia katika mfululizo wa picha aliochora na mchoraji mwenzake Yoshiiku, hapa hachori jeraha hata moja. Kwangu picha yake ndiyo nzito zaidi, na ndiyo nisiyoiamini sana.