TAHADHARI: "Soketi za shaver" za bafuni zinazouzwa bila transfoma ndani

Wakuu, kuna soketi zinauzwa madukani na mitandaoni kwa jina la soketi ya bafuni, ya kuchajia mswaki wa umeme na mashine ya kunyolea. Kwa nje imekamilika: matundu ya pini mbili, upande wa 115 V na wa 230 V, mchoro wa mashine ya kunyolea, na maandishi "SHAVERS ONLY". Ukiifungua unakuta waya wa laivu umetoka nyuma na kwenda moja kwa moja kwenye matundu. Hiyo ni soketi ya kawaida iliyovalishwa sura nyingine, na bora hata ile ya kawaida, maana hakuna atakayethubutu kuiweka juu ya sinki.

Soketi halisi ya shaver inaruhusiwa bafuni kwa sababu moja tu, transfoma. Kiwango chake cha Uingereza ni BS EN 61558-2-5, na kwa kuwa soketi zetu za pini tatu ni za Kiingereza, ndicho cha kuangalia mgongoni. Transfoma hutenganisha umeme wa matundu na umeme wa nyumba. Ukigusa waya mmoja wa upande huo, mikono imelowa na uko pekupeku kwenye vigae, umeme haupati njia ya kurudi kupitia ardhini. Ukishika waya zote mbili utapigwa tu, hilo transfoma haizuii. Lakini ikiwa haimo kabisa, waya mmoja unatosha kukupitishia 230 V.

Wauzaji wanajianika wenyewe kwa maneno yao. Wakisema "hii hata draya ya nywele inaendesha", ondoka. Soketi halisi huwa ya 20 VA hivi (VA ni kama wati), nyingine hufika 50, na draya inakula wati 1,500. Ingekuwa na transfoma ingekata au ingeungua. Pia ishike mkononi: transfoma ni chuma na shaba, ina uzito. Halafu uliza boksi la ukutani. Za kweli kwa kawaida zinataka boksi lenye kina cha 47 mm. Ukiambiwa inaingia kwenye la 25 mm, jiulize transfoma imejikunja wapi.

Kipimo cha uhakika kinafanyika palepale dukani, soketi ikiwa haijaunganishwa na umeme wowote. Chukua plagi kuukuu ya pini mbili yenye kipande cha waya kilichomenywa ncha, uichomeke. Usiruke hatua hii, kwa sababu nyingi zina swichi ndogo ndani inayofunga pale tu plagi inapoingia. Weka mita ya umeme (multimita) kwenye ohm, kipimo cha juu kabisa. Ncha moja gusa skrubu ya L (laivu) nyuma, nyingine gusa waya wa plagi, mmoja baada ya mwingine. Rudia kwa N (nyutro), kisha kwa ethi (waya wa ardhini). Halisi itaonyesha OL kote, yaani hakuna njia ya umeme. Mita ikisoma karibu na sifuri, au ikilia kwenye kipimo cha mlio, hamna transfoma. Kama imeshafungwa nyumbani, fundi apime volti upande wa 115: inatakiwa 115 au juu kidogo. Akikuta 230, zimeni sakitibreka na kuing'oa.

Wauzaji haohao huongezea adapta "ya kubadilisha umeme" kwa miswaki iliyotoka Marekani. Adapta inabadilisha pini tu, volti inaziacha vilevile. Soma chini ya kitako cha kuchajia: kikiwa na 100–240 V, sawa. Kikiandikwa 120 V peke yake, kwenye 230 V koili iliyo ndani hupata moto, plastiki inavimba, na kitako kimekwisha.

Adapta nzuri ya shaver, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya pini tatu, ina fyuzi ya 1 A, fupi na nyembamba kuliko ile ya 13 A. Fungua uione. Za bandia hazina fyuzi kabisa, au zina kipande cha waya kimekaa mahali pake, na hapo kinachokulinda ni breka ya soketi tu, ambayo mara nyingi ni ya 32 A. Waya mwembamba wa chaja utayeyuka kabla haijashtuka. Na hata adapta nzuri si ya bafuni, itumieni chumbani. Ule mtindo wa kusukuma tundu la ethi kwa bisibisi ili plagi ya pini mbili iingie, acheni. Pini za milimita 4 hazishikwi vizuri mle, zinacheza, zinatoa cheche na kuchoma soketi.

Kama huna uhakika na soketi yako, chajia chumbani, mswaki ukiwa umefutwa maji chini kabla ya kuukalisha kwenye kitako.

Aliyekwisha kuuziwa atunze soketi, boksi lake na risiti, na apige picha sehemu ya ndani kabla ya kurudisha. Malalamiko ya bidhaa bandia Tanzania yanapokelewa na FCC (Tume ya Ushindani), Kenya ni Anti-Counterfeit Authority. Fundi wa kuing'oa awe na leseni: Tanzania ya EWURA, Kenya ya EPRA, ambazo ni mamlaka za udhibiti wa nishati.